Hakuna Anayekitumia Tena

"Kuhusu kutobolewa koo, mimi"

Hapo ndipo umeme ulipokatika. Siku nane zilikuwa zimepita, na Mayelín bado aliiona ile sentensi kila alipofumba macho, kwa herufi kubwa za kijani kwenye kioo cheusi, kama mumewe alivyokuwa akiandika maneno yake yote kwa miaka miwili. Mimi nini? Mimi nataka? Mimi sitaki? Ni mtu gani mwenye akili timamu anayezima mji mzima wa Placetas katikati ya sentensi ya namna hiyo? Lakini wakata umeme hawasomi sentensi za watu.

Osniel alilala chumba cha mbele, karibu na dirisha. Ugonjwa wake ulianzia kwenye vidole vya mkono wa kulia, ukapanda hadi begani, ukashuka miguuni, ukachukua ulimi, na sasa ulikuwa umeifikia pumzi. Akili haikuguswa hata kidogo. Alisikia kila kitu na kuelewa kila kitu, na hiyo ndiyo ilikuwa adhabu yenyewe. Kope zake zilijifumba na kujifumbua zenyewe. Mayelín alishajaribu kuziuliza.

"Ukitaka watoboe, funga macho mara moja. Hutaki, mara mbili."

Akayafunga mara tatu. Akamuuliza tena, akayafunga mara moja, akatulia, kisha akayafunga tena. Huo ni ushahidi gani? Kilichobaki kumtii ni kidole gumba cha mkono wa kushoto, nacho kilisogea kiasi cha unene wa ukucha. Ukikitazama huoni kitu, na ukikishika, mkono wako mwenyewe unatetemeka na kukudanganya.

Kisanduku ndicho kilichokiona. Osniel alikitengeneza kwa mikono yake wakati vidole vitatu bado vinafanya kazi: kitufe cha sauti kilichong'olewa kwenye redio ya Kirusi, kipande cha uzi wa gitaa, kibati cha kopo la maziwa, na waya uliokwenda hadi nyuma ya kompyuta, kwenye lile tundu pana la pini kumi na tano, la kadi ya zamani, ambalo zamani watoto walichomekea fimbo za michezo. Herufi zilipita moja moja kwenye kioo. Ikifika anayoitaka, anasukuma gumba, herufi inabaki. Herufi moja kwa nusu dakika. Kwa mwendo huo Osniel alikuwa ameomba chumvi kwenye maharage, ametukana timu ya besiboli ya Havana, na kumwambia mkewe maneno ambayo hakuwahi kumwambia alipokuwa na ulimi.

Umeme uliporudi siku ile uliingia kwa kishindo, ukaunguza diski ya kompyuta. Aliyeitwa ni Reinier, rafiki wa Osniel tangu chuoni, fundi wa mtaa wa pili, ambaye nusu ya mji ilikwenda kwake kunakili filamu. Jumamosi akaja na diski nyingine na mfumo mpya: ni ule ule mfumo huria waliotumia siku zote, ule ambao msimbo wake uko wazi na mtu yeyote duniani anaweza kuutengeneza, ila toleo la mwaka huu.

"Shemeji, mambo safi," alisema akijifuta jasho. "Sauti ipo, kioo kipo, na inawaka haraka kuliko zamani."

"Na gumba?"

Reinier akainamia kioo. Akaandika hiki, akaandika kile. Akazima, akawasha. Jasho likaanza upya.

"Kiendeshi hakipo," alisema mwishowe.

Kiendeshi ni ile programu ndogo inayoifundisha kompyuta kuzungumza na kifaa fulani. Bila hicho, kifaa ni bati na waya tu. Mayelín hakuhitaji kuelezwa. Alikuwa amefanya kazi ofisi moja na Osniel kule Santa Clara, kabla hajaacha ili amuuguze.

"Hakijawekwa?"

"Kimeondolewa, shemeji. Wenyewe wanaotengeneza kiini cha mfumo wamekitoa. Toleo hili halina, na lililotangulia halina."

"Basi turudishe la zamani kabisa."

Reinier akajikuna kisogo. "Nilikuwa nalo. Nililifuta mwezi wa pili. Diski imejaa, na watu wananisumbua wanataka ile tamthilia ya Kituruki yote, vipindi mia moja na kumi."

Kwenye kiti cha bembea kando ya kitanda alikuwepo Bi Fefa, jirani, mjane wa miaka sabini na minne aliyekuja kila siku kusaidia kumgeuza mgonjwa. Akasitisha kiti.

"Hata mimi niliitazama," alisema kwa sauti ndogo.

Kulikuwa na njia nyingine, kijikadi kidogo cha kuunganisha kisanduku kwenye tundu la kisasa, lakini kilichojulikana kuwepo kilikuwa Havana, na mwenye nacho angekuja mwezi ujao. Madaktari wangekuja Ijumaa saa tatu asubuhi. Pumzi ya Osniel ilikuwa imepungua kiasi kwamba ama wamchukue hospitali ya mkoa, wamtoboe koo na kumuunga na mashine ya kupumulia kwa siku zake zote, ama wamwache nyumbani, wampe dawa asipate maumivu, na wasubiri. Daktari mwanamke mwenye sauti ya upole alikuwa amemwambia Mayelín: "Uamuzi ni wake. Akishindwa kusema, utatia saini wewe."

Hapo ndipo maji yalipomfika shingoni. Maana kulikuwa na jambo ambalo Mayelín hakumwambia Bi Fefa wala padri. Alikuwa amechoka. Miaka mitatu ya kumlisha kwa kijiko, kumgeuza kila saa mbili, kufua mashuka kwa maji ya ndoo. Kuna asubuhi aliamka akitamani Osniel aseme hapana. Na kwa kuwa alilitamani hilo, hakuuamini mkono wake mwenyewe ukishika kalamu.

Jumatano Reinier alimwachia kompyuta yake ndogo ya betri, ambayo ndani yake alikuwa na historia nzima ya msimbo wa kiini, kila badiliko tangu mwanzo. "Tafuta siku kilipoondolewa," alimwambia. "Penye kiraka cha kuondoa, ile orodha ya mistari iliyofutwa, kigeuze nje ndani, kinakuwa kiraka cha kurudisha."

Mayelín alikaa mezani, umeme haupo, madirisha wazi, nzi wakitua kwenye mikono yake. Katika kazi ile hakuna anayefuta kitu kimyakimya. Anayefuta huuliza kwanza kwenye orodha ya barua pepe ya watengenezaji wenzake kama yupo anayekihitaji, husubiri, huandika sababu, halafu hutia jina lake kamili chini yake, liwe ushahidi milele. Alitafuta saa nzima. Betri ilikuwa imebakiza robo alipokipata.

"Viendeshi vya tundu la michezo viondolewe. Kadi hizi hazijatengenezwa kwa miaka ishirini. Niliuliza kwenye orodha, nikasubiri miezi mitatu, hakuna aliyejibu. Nadhani hakuna anayevitumia tena."

Chini yake: Osniel Turiño Abreu, Santa Clara.

Alisoma jina mara mbili, kana kwamba huenda yupo Osniel Turiño Abreu mwingine. Tarehe ilikuwa ya mwezi Machi, miaka minne iliyopita, miezi saba kabla ya kikombe cha kahawa kumponyoka mkononi kwa mara ya kwanza. Na Machi ile aliikumbuka. Osniel alirudi nyumbani akiimba. "Mistari elfu tatu na mia mbili, Maye! Nimeifagia nyumba!" Walichoma nyama ya nguruwe uani kwa Bi Fefa. Yeye mwenyewe, Mayelín, ndiye aliyeinua glasi ya ramu na kusema, uchafu uondoke.

Mchimba kisima huingia mwenyewe; lakini huyu alikuwa amechimba kwa nia njema, tena kwa kufuata taratibu zote. Aliuliza dunia nzima kama yupo anayekihitaji kiendeshi kile. Hakujua kwamba angekihitaji yeye.

Na mganga hajigangi. Aliyesafisha mifumo ya watu wote hakuwahi kusafisha wa kwake; kompyuta ya nyumbani ilibaki na toleo kuukuu, na alipoitoa kadi ya zamani kwenye droo ili atengeneze kisanduku, kadi iliitikia mara moja. Siku ile ile alibandika karatasi ubavuni mwa mashine: USISASISHE. Mayelín alidhani ni ukaidi wa mgonjwa. Kumbe alijua. Kwa miaka miwili aliandika kuhusu chumvi na besiboli, na hili hakuliandika.

Akainuka hata kiti kikaanguka.

"Ni wewe!" alimpigia kelele kitandani. "Ni wewe uliyekifuta! Ulijua, ukanyamaza! Ungeniambia neno moja tu, Osniel, ningeweka nakala kumi, ningezificha hata kwenye mtungi wa mchele! Sasa nifanye nini? Eh? Nijibu!"

Macho ya Osniel yalitazama dari. Chozi lilimtoka jicho la kulia, lakini hata machozi siku hizo yalimtoka yenyewe, huwezi kujua.

Bi Fefa alitoka jikoni na ufagio mkononi.

"Mayelín! Una wazimu? Unamsuta mtu asiyeweza kujibu? Hata mwizi hupewa nafasi ya kujitetea!"

"Na mimi nani ananipa nafasi, Bi Fefa? Kesho kutwa wanakuja. Nitatia saini nini?"

"Sijui, mwanangu. Ila ukitaka kugombana naye, kwanza mrudishie mdomo. Ugomvi wa mtu mmoja hauna utamu."

Mayelín aliketi sakafuni na kulia kwa sauti, bila aibu, na bibi yule akamwacha alie.

Alhamisi umeme ulikuja saa nne asubuhi. Ungekatwa saa nane. Alikuwa na muda wa saa nne tu, na kukijenga kiini kizima, yaani kuugeuza msimbo wake wote uwe programu inayoendeshwa, kwenye mashine ile kungetaka kutwa nzima na usiku. Kwa hiyo Mayelín aliamua kujenga viendeshi peke yake, pembeni, na kuvichomeka kwenye kiini kilichokwisha kujengwa. Alikigeuza kiraka cha mumewe nje ndani. Mistari elfu tatu na mia mbili ikarudi, kama wageni waliofukuzwa na kuitwa tena.

Haikukubali kujengwa. Kwa miaka minne kiini kilikuwa kimeendelea na maisha yake. Njia za kuhesabu muda zilikuwa zimebadilishwa majina, na palipozoea kupokea vitu viwili sasa vilitakiwa vitatu. Makosa kumi na tisa. Alirekebisha moja moja, akisoma jinsi viendeshi vilivyo hai vilivyofanyiwa, akiiga. Saa tano na nusu, makosa tisa. Reinier alifika, akaketi nyuma yake, akamsomea majina kwa sauti. Saa sita, makosa mawili. Chumba cha mbele, pumzi ya Osniel ilisikika ikivutwa kwa shida kama meza inayoburutwa.

Saa sita na dakika arobaini, kikajengwa. Akakiingiza. Kioo kikajibu kwa mstari mmoja: hakuna kifaa kilichoonekana.

"Haiwezekani," alisema Mayelín. "Haiwezekani!"

"Kadi hizi hazijitangazi, shemeji," alisema Reinier. "Tundu linakuja limefungwa. Unalifungua kwa kuliambia namba yake, na kila kadi ina yake. Osniel aliweka ngapi?"

"Mimi nitajuaje?"

Wakajaribu mia mbili. Kompyuta ikaganda, kuizima na kuiwasha kukala dakika kumi na mbili. Wakajaribu nyingine, ikaganda tena. Saa saba na dakika kumi. Mayelín aliweka paji la uso juu ya meza. Hapo, katika giza la mikono yake, akaiona ile karatasi: USISASISHE, na chini yake tarakimu alizodhani ni za chumba fulani cha hospitali.

Aliruka hadi kwenye mashine. Ubavuni palibaki alama ya gundi tu.

"Karatasi! Bi Fefa, hapa palikuwa na karatasi!"

Kisha bibi akatokea mlangoni, uso umemshuka.

"Niliibandua mimi."

"Umeitupa?"

"Nitupeje, mwanangu? Ni mwandiko wake wa mwisho. Hakuandika tena kwa mkono baada ya hapo. Niliipeleka kwangu, kwenye sanamu ya Mtakatifu Lazaro, nikaiweka chini ya glasi ya maji, amtazame."

"Nenda kailete! Kimbia!"

"Nikimbie kwa magoti yapi?"

Reinier ndiye aliyekimbia. Alirudi na karatasi iliyolowa, wino umetanuka. USISASISHE. Na chini, kwa mkono wa mtu anayeshika kalamu kwa vidole vitatu: 201.

Saa saba na dakika ishirini na mbili, herufi za kijani zilianza kupita kwenye kioo. A. B. C. Mayelín alikigeuza kioo kikaelekea kitandani, akaweka kisanduku chini ya gumba, akakaza uzi. Herufi zilipita mzunguko mzima bila kitu kutokea. Zikaanza tena. Kisha N ikabaki.

"Mama wee," alinong'ona Bi Fefa.

N. I. L. I. K. Mayelín aliitazama saa ya ukutani, akatazama kioo. Alitaka kulia na alitaka kumtikisa mabega. NILIKIFUTA MIMI, aliandika Osniel, na hayo yakala dakika saba kati ya zile thelathini na nane.

"Najua, mpenzi. Niliona jina lako. Nisamehe maneno ya jana. Niambie kuhusu koo, Osniel. Kesho wanakuja. Koo."

Gumba halikusikika wala kuonekana, ila kioo kilisikia.

UMECHOKA

Reinier alisimama, akasema anakwenda kuvuta sigara, akatoka. Bi Fefa hakutoka. Mayelín alipiga magoti kando ya kitanda. Angeweza kusema hapana. Maneno ya uongo alikuwa nayo tayari mdomoni, mazuri, ya kike, ya ndoa.

"Ndiyo," alisema. "Nimechoka, Osniel. Kuna siku natamani useme usitobolewe. Mungu anisamehe. Ndiyo maana siwezi kutia saini mpaka useme wewe."

Herufi zilizunguka. Zikazunguka tena, mara ya pili, mara ya tatu, bila hata moja kubaki, na Mayelín akaona kwamba amemuua mumewe kwa mdomo wake. Saa saba na dakika arobaini na sita S ikabaki.

SAMAHANI, aliandika. Kisha, polepole, herufi baada ya herufi: WATOBOE.

Mayelín alikilaza kichwa kwenye godoro. Alilia, na hakujua ni kilio cha nini. Furaha ilikuwemo, na hofu, na miaka yote ile ya mashuka iliyokuwa inamngoja mbele. Aliposikia Bi Fefa akimgusa bega aliinua uso. Osniel alikuwa anaendelea.

NATAKA KUO

Umeme ukakatika saa nane kasoro dakika mbili.

Kuona nini, kama ni kuona, hakusema. Safari hii Mayelín hakupiga kelele. Aliufuta uso wa mumewe kwa kitambaa, akamgeuza ubavu wa kulia kwa sababu saa yake ya kugeuzwa ilikuwa imefika, akamwambia kwamba hospitali ya mkoa haikatwi umeme, atamalizia huko, na kompyuta watakwenda nayo hata ikibidi aibebe kichwani.

Halafu akaketi mezani, penye mwanga wa dirisha, na daftari na penseli. Kulikuwa na karatasi ya hospitali ya kukubali atobolewe, akaitia saini. Kisha akaanza kuandika maelezo ya kiraka, ili Reinier ayatume mtandao ukirudi. Maana ni desturi, anayerudisha kitu naye lazima aeleze sababu na aseme ni nani aliyekipima akaona kinafanya kazi. Alitafuta maneno ya kitaalamu, akakosa. Akaandika: "Virudishwe. Yupo anayevitumia."

Chini yake aliweka jina lake kama mtengenezaji. Mahali pa mpimaji akaandika Osniel Turiño Abreu, akaenda kumsomea.